Samaki wa Kuletwa Hausemei Mto

Samaki wa kuletwa hausemei mto. Mmeisikia leo asubuhi pale shuleni, si ndiyo? Madawati yameshushwa mbiombio kutoka shule ya jirani kwa sababu mkaguzi anakuja, na yule mama muuza maandazi akasimama getini, mikono kiunoni, akasema, "Haya, samaki wa kuletwa hausemei mto!" Walimu wakaangalia chini. Nyie mkacheka bila kujua mnachocheka. Sasa mnauliza imetoka wapi, na kila mnayemuuliza anawaambia eti ni ya mababu. Mababu wapi! Methali hii bado ina meno ya utoto. Aliyeisema mara ya kwanza yuko hai, ana nguvu zake, anapalilia maharage, na ukimkumbusha siku ile anakasirika upya kama vile ilikuwa jana. Kaeni basi, niwape yote. Ilianza hivi.

Kule Umatengoni, ambako mashamba ya milimani yamechimbwa mashimo mashimo kama sega la nyuki, kuna kijiji kinaitwa Kihoro, na chini yake unapita mto Lukandu. Si mto wa kutisha watu. Mtu mzima anauvuka kwa kurukia mawe na anafika ng'ambo na viatu vikavu. Lakini ulikuwa mto! Ukigeuza jiwe penye maji yanayokimbia, visamaki vyembamba vyenye mgongo wa rangi ya dhahabu vinachomoka chini yake kama cheche. Watu waliviita visamaki vya mawe, basi. Watoto walivitega kwa vikapu, mama zao wakavikausha juu ya jiko, na mboga ikapatikana.

Kisha ukaja mtambo wa kumenya kahawa. Ulijengwa juu, pale mto unapotokea msituni, na msimu wa kahawa ukifika wanaosha buni mchana kutwa, wakimaliza wanafungua mlango wa maji. Yale maji, jamani! Mazito, ya kahawia, yananuka kama togwa iliyochacha ikasahaulika. Msimu wa kwanza visamaki vya mawe vikapungua. Msimu uliofuata vikaisha. Wakafuata kaa, wakafuata vyura, mpaka ukikaa ukingoni jioni husikii kitu ila maji yenyewe, nayo yanapita kama mtu mgonjwa anayejikokota.

Sasa pale kijijini palikuwa na mama mmoja anaitwa Tasiana Ndomba. Watu walimwita Mama Fausta, kwa jina la binti yake. Huyo Fausta alikuwa bado mdogo, anapenda maji kuliko chakula, na kila alipooga mtoni miguu yake ilitoka vipele, vipele vikawa vidonda, vidonda vikalia maji. Tasiana alimpaka dawa, akamkataza mto, akamchapa, akalia naye. Mwisho akaacha kulia akaanza kukasirika, na hasira ya Tasiana haikuwa ya kupanda na kushuka. Ilikuwa kama moto wa pumba: huoni ndimi, lakini usithubutu kukanyaga.

Alipanda mtamboni akamkuta msimamizi, Bwana Gervas, mtu wa shati la kunyooka na maneno laini.

"Mama Fausta, maji ya kahawa ni mbolea," Bwana Gervas alimwambia. "Yanarutubisha mto."

"Kama ni mbolea, kachemshie chai ukanywe wewe."

Alicheka yule bwana. Kumcheka ndiko kulikomfanya Tasiana ashuke mpaka mjini, kwenye ofisi ya wataalamu wa maji, akakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kumwona. Akapewa mtaalamu. Alikuwa dada mmoja kutoka Tukuyu, anaitwa Twitike, mfupi, mwepesi, anavaa mabuti marefu ya mpira kama vile amezaliwa nayo. Twitike alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza jambo ambalo Tasiana hakulisahau.

"Mama, nikichota maji leo nikayapima, yananipa habari ya leo. Wakifunga mlango wao siku hiyo, maji yanatoka safi, tunadanganyika. Lakini samaki ameishi humo. Amekula humo, ameyanywa, amezalia humo. Samaki ananipa habari ya mwaka mzima. Nitakuja na nyavu."

Na akamwambia na jingine: mtambo umeomba kibali cha kupanuliwa. Mto ukionekana mzima, watapewa. Mto ukionekana mgonjwa, watalazimishwa kuchimba mabwawa ya kutuliza yale maji kabla tone halijarudi Lukandu. "Kwa hiyo," Twitike alisema, "samaki ndio watakaoamua."

Tasiana alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyekwisha kushinda.

Hapa lazima niwaambie habari ya mume wake, la sivyo hamtaelewa. Mume alikuwa Alois Kinunda, Baba Fausta, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Msije mkadhani alikuwa mla rushwa. Hapana! Alois alikuwa mtu safi, safi kupita kiasi. Ugonjwa wake ulikuwa aibu. Hakuweza kuvumilia mgeni akute kasoro. Na Kihoro nzima alikuwa ameifundisha hivyohivyo. Bwana afya akitangaza kuja kukagua usafi, kijiji kinalala hakijalala: njia zinafagiliwa, kuta za vyoo zinapakwa chokaa, vibuyu chirizi vya kunawia mikono vinaning'inizwa na sabuni mpya kabisa ambayo mgeni akiondoka inarudishwa kabatini. Wasio na kibuyu wanaazima. Kuna kibuyu kimoja kilisifiwa nyumba hadi nyumba siku moja, watoto wanakipitisha nyuma ya migomba mbio kuliko bwana afya anavyotembea njiani! Na kwa ujanja huo Kihoro ikawa kijiji bora kwa usafi, ikazawadiwa saa ya ukutani, na Alois akaitundika ofisini akawa anaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Siku moja kabla ya Twitike kufika, Tasiana alishuka mjini kumpokea, maana gari la mtaalamu lingepotea kwenye zile njia za mlimani. Angelala kwa dada yake. Alipokuwa akijifunga khanga mlangoni alimwambia mume wake:

"Baba Fausta, kesho yule mtaalamu anakuja kuwaangalia samaki wa Lukandu. Waambie watu wawepo, wajionee."

"Samaki?" Alois aliuliza. "Si hawapo?"

"Ndiyo maana anakuja."

Alois alikuna kidevu. Tasiana alikumbuka baadaye namna alivyokuna kile kidevu, na kila akikumbuka alitamani angerudi pale mlangoni akamshika mkono. Lakini gari lilikuwa linamsubiri. Akaondoka.

Basi kesho yake asubuhi wakafika, Tasiana mbele kwenye kiti cha abiria, Twitike nyuma na nyavu zake na ndoo zake. Kijiji kimefagiliwa mpaka kinang'aa. Vibuyu chirizi vinaning'inia. Alois amesimama kando ya mto na koti lake la sherehe, uso umemjaa tabasamu kama la bwana harusi. Bwana Gervas yupo na shati lake la kunyooka. Na maji ya Lukandu, jamani, meupe! Tasiana aliyaangalia akatabasamu kwa uchungu. Wamefunga mlango wao leo, akajisemea. Fungeni tu, samaki watasema.

Twitike hakupoteza muda. Alitanda wavu mmoja upande wa juu, mwingine upande wa chini, kile kipande cha mto kikawa kama chumba kilichofungwa milango. Akaingia na vijana wawili wakaburura wavu wa tatu taratibu kutoka huku kwenda huku. Watu ukingoni wamenyoosha shingo. Tasiana anasubiri wavu uinuke mtupu, kijiji kizima kione, Bwana Gervas aone.

Wavu ukainuka umejaa.

Umejaa, nawaambia! Perege, wanene, wanarukaruka, magamba yanametameta juani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akapiga mluzi. Wakamwaga kwenye ndoo, wakaburura tena, wakapata wengine. Bwana Gervas alicheka mpaka akatoa leso.

"Si niliwaambia ni mbolea? Mtaalamu, andika. Mto mzima huo, tena umenenepa! Na huyu mama aliyetuchafulia jina nchi nzima, nadhani ana neno la kutuambia."

"Mama Fausta kelele nyingi!" mmoja akasema nyuma, na kicheko kikapita kwenye umati kama upepo kwenye mahindi.

Tasiana alisimama pale hajui aweke wapi macho. Alijiona mdogo. Je, ni chuki tu? Je, samaki walikuwepo siku zote, na yeye ndiye aliyekuwa haoni? Akamwangalia Fausta, amekaa kwenye jiwe na miguu yake ya vidonda imefungwa kitambaa, anapiga makofi na wenzake kwa sababu samaki ni wengi. Akamtafuta mume wake kwa macho. Alois anaangalia kwingine, anatazama juu ya miti kana kwamba ametundika saa nyingine huko.

Twitike peke yake hakucheka. Amechuchumaa kando ya ndoo, amekunja uso, anamgeuza samaki mmoja mkononi, anamrudisha, anachukua mwingine. Wote wamelingana kama vikombe vya seti moja.

"Watoto wao wako wapi?" alinong'ona, kama anaongea na ndoo. "Na wale wa mawe je?"

Tasiana akaona afadhali afanye kitu kuliko kusimama anachekwa. Akachukua ndoo moja isiyo na samaki, yenye mchanga kitakoni, akaenda pembeni ya maji, pale nje ya nyavu ambapo mto umefanya kidimbwi, akaisuuza. Mchanga uligoma kutoka. Akaigonga kitako kwa ngumi: ko, ko, ko.

Maji yakatikisika.

Kutoka pande zote za kile kidimbwi samaki wakaja. Hawakukimbia kwenda mbali, wakaja kwake! Wakajipanga miguuni pake, vichwa juu, midomo wazi, wanafungua na kufumba, wanafungua na kufumba. Na nyuma yake, kwenye ndoo ya Twitike, wale waliokamatwa nao wakageuka wote kwa pamoja, wakainua midomo.

Tasiana akaganda. Ile midomo aliijua. Kila asubuhi, chini ya migomba ya nyumbani kwake, kwenye bwawa lao walilochimba yeye na Alois, yeye ndiye anayebeba pumba za mahindi. Akifika anagonga ndoo, ko, ko, ko, na perege wanakuja kama watoto walioitwa chai. Na yule pale mbele, mwenye mkia uliomegwa, huyo alimegwa na fisi maji msimu wa masika, na Fausta alimwombea kwa Mungu asife.

Leo asubuhi hakuna aliyewapa pumba. Walikuwa na njaa. Wamemwona mama yao.

Nyie, ile hasira! Ilianzia kwenye nyayo. Alihisi inapanda kwenye magoti, tumbo, kifua, mpaka masikio yakaanza kuimba. Lakini sikilizeni, hakufungua mdomo palepale. Alijua mke wa mwenyekiti hamvui nguo mumewe mbele ya wageni, tena mbele ya Gervas, tena kijiji kizima kikitazama. Akinyamaza, nyumba yake inabaki na heshima, Alois anabaki mwenyekiti wa kijiji bora, watu watakula vizuri leo. Na kesho maji ya kahawia yatashuka kwa kibali cha serikali. Akamwangalia tena Fausta na kile kitambaa miguuni.

Akaweka ndoo chini.

"Baba Fausta," aliita, na sauti ilikuwa ndogo kabisa, ndiyo maana kila mtu alinyamaza. "Bwawani kwetu kuna samaki?"

Alois akakohoa. "Mama Fausta, hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna mto. Tuongee hapa."

"Mke wangu..."

"Hawa ni samaki wangu! Mimi nimewalea! Yule pale mkia umemegwa, unamjua au humjui? Umewaleta lini, Alois? Alfajiri? Umewabeba kwa kitu gani, kwa ile ndoo yangu ya kutekea?"

Alipomwita Alois, bila Baba Fausta, wanawake walishika midomo.

Alois naye akapandisha sauti. Mtu akibanwa ukutani huwa anapandisha. "Sasa ulitaka nifanye nini? Mgeni anakuja kutazama samaki, samaki hakuna! Kihoro hii, kijiji bora, tuonekane tuna mto mfu? Nilitaka tusiaibike! Wazee wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Apone!" Tasiana alimjia juu, na sasa sauti ilipasuka kweli, ikagonga mlima ikarudi. "Apone vipi? Huyu hakuja kutupa saa ya ukutani, Alois! Hakuja kukagua vyoo! Amekuja kama daktari. Wewe ukimpeleka Fausta hospitali, unamwazimia miguu ya mtoto wa jirani?"

Hakuna aliyecheka. Hata mtu wa mluzi alikuwa ameuficha mdomo.

Bibi Osmunda, kikongwe wa pale ambaye hawezi kuona ugomvi bila kutia neno, akatikisa kichwa. "Eeh, wajukuu zangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hapana, bibi," Tasiana akamgeukia. "Hiyo haitoshi. Angeficha tu ningemsamehe. Mtu akificha kidonda, ukifunua unakiona. Huyu hakuficha ugonjwa, ameuazimia mto afya! Ameleta mashahidi ambao hawajalala humu hata usiku mmoja, hawajanywa yale maji, hawajui kitu, ndio wausemee mto ambao sisi tumeuona ukifa!" Akaokota ndoo yake, akaigonga kwa nguvu zote, ko, ko, ko, na midomo ikajitokeza tena juu ya maji. "Mnawaona? Wanaomba pumba! Samaki wa mtoni anaomba pumba? Samaki wa kuletwa hausemei mto!"

Basi ndiyo hiyo. Palepale, siku ile, mdomoni mwake, kwa hasira. Hakukuwa na babu yeyote.

Mnadhani iliishia hapo? Wee! Bwana Gervas alikunja leso yake taratibu akairudisha mfukoni.

"Mtaalamu, hayo ni mambo ya mke na mume, hayatuhusu. Samaki ni samaki. Umewakamata mtoni, kwa mkono wako, mchana kweupe. Taratibu ni taratibu. Andika."

"Nitaandika," Twitike akasema, anasimama, anajifuta mikono kwenye suruali. "Nitaandika perege wa bwawani, walioletwa leo. Na wenyeji wa mto huu, hakuna. Hata mmoja. Nilikuwa najiuliza mto gani una wakubwa watupu, hauna mtoto. Sasa twendeni juu ya mtambo."

"Juu ya mtambo kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka kuona, kaka."

Wakapanda wote, umati mzima, mpaka pale maji yanapotoka msituni kabla hayajaonja kahawa. Twitike akageuza jiwe moja tu. Visamaki vya mawe vikachomoka kama cheche! Akageuza lingine, vikachomoka. Vikubwa, vidogo, na vingine kama uzi, vya juzijuzi. Vijana ambao walikuwa wamevisahau walianza kupiga kelele kama watoto. Bibi Osmunda aliyebebwa mgongoni na mjukuu akasema, "Kumbe mpo, wanangu," akajipangusa macho. Mto uleule, na katikati yake mtambo mmoja tu. Huku hai, kule kimya. Twitike hakuhitaji kuhutubia.

Lakini walipokuwa wanashuka, upepo ukaleta harufu. Ile ya togwa iliyochacha.

Bwana Gervas alibadilika rangi. Alikuwa amewaambia wafanyakazi wafunge mlango mpaka mgeni aondoke, na wafanyakazi, walipoona watu wote wamepotelea msituni na matangi yao yamejaa mpaka pomoni, walidhani mgeni kaondoka. Akatoa simu, anapiga kelele, "Nani kafungua? Nimeuliza nani kafungua!" Simu ilikuwa inaita tu.

Tasiana hakumsubiri. Alikuwa anakimbia. Alishuka ile njia khanga mkononi, anateleza, anainuka, anafikiria kitu kimoja: samaki wake. Alipofika kidimbwini maji yalishaanza kugeuka. Akagonga ndoo. Ko, ko, ko. Njooni, njooni haraka niwatoe!

Walikuja. Walipanda juu wote, midomo wazi, lakini safari hii hawakuwa wanaomba pumba. Walikuwa wanatafuta hewa. Akachota, akachota, akamwaga kwenye ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na maji yaleyale. Yule wa mkia uliomegwa aligeuka ubavu, tumbo jeupe likaonekana, akaenda na maji kama jani.

Mtu akaingia mtoni kando yake. Alikuwa Alois, na koti lake la sherehe, maji ya kahawia yamemfika kiunoni, anachota kwa mikono miwili, anachota, hakuna anachookoa. Mke wake hakumwangalia. Ukingoni watu wale waliopiga vigelegele asubuhi walisimama wakitazama samaki wakipita mbele yao na matumbo juu. Twitike alijaza chupa moja ya yale maji, akaifunga kifuniko vizuri.

Fausta alikuwa anaita, "Mama, wamelala? Mama, mbona wamelala?"

Hapo ndipo Tasiana alipomgeukia Bwana Gervas, aliyekuwa amesimama na simu yake sikioni. "Haya," alimwambia. "Mbolea hiyo."

Kibali hakikutoka. Mtambo ulifungwa mpaka walipochimba mabwawa ya kutuliza maji, na wachimbaji wa kwanza kujitokeza, bila kuitwa na mtu, walikuwa wanaume wa Kihoro, Alois mbele yao na jembe. Ile saa ya ukutani aliirudisha kwa bwana afya. Bwana afya hakuelewa, akadhani imeharibika, akaifungua akatafuta kasoro. Na Tasiana? Mnadhani alisamehe? Alisamehe kwa mafungu. Alipika, akafua, akajibu salamu, lakini bwawa chini ya migomba lilikaa tupu na kila Alois alipopita pale aliliona. Alipojaribu siku moja kusema, "Mke wangu, tutafute vifaranga wengine wa perege," alijibiwa, "Mto kwanza."

Misimu ikapita. Maji yakaanza kunuka maji. Vyura wakarudi, wakaanza kugombana usiku kama zamani. Vidonda vya Fausta vikakauka, zikabaki alama kama alama za sarafu.

Siku moja sasa, Tasiana alikuwa mtoni anasuuza ndoo, Fausta pembeni yake anachezea mawe, Alois nyuma amebeba kuni. Mchanga ukagoma kutoka. Bila kufikiri Tasiana akaigonga kitako: ko, ko, ko.

Chini ya maji, vivuli vyembamba vikaruka. Mgongo wa dhahabu ukametameta mara moja, huku, kule, na vyote vikapotelea chini ya mawe. Ukabaki mchanga tu unaotulia.

"Mama!" Fausta alilalamika. "Umewakimbiza!"

Tasiana akabaki ameinamia maji, ndoo mkononi. Akagonga tena, makusudi. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyemjua. Na mama yule, ambaye kijiji kilikuwa kimesahau meno yake yalivyo, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji na khanga yake.

"Wamekimbia, Baba Fausta!" aliita. "Umeona? Wamenikimbia!"

Alois aliweka kuni chini, akachungulia majini, akasema taratibu, kama mtu anayesoma somo lake mbele ya mwalimu:

"Hao ndio wenyeji. Samaki wa kuletwa hausemei mto."